Sahani ya Furu

Harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka juu ya bati hunisimamisha njiani hata leo. Wenzangu huendelea na safari yao, nami hubaki nyuma kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Harufu ile hunirudisha Mwanza, mtaa wa Makoroboi, alasiri moja ya mwaka wa tisini na tano, nilipokwenda nyumbani kwa Mzee Ally Songoro kupokea jibu la posa yangu.

Kwa desturi ya watu wetu mposaji haendi mwenyewe. Huenda mshenga, akapewa jibu, akarudi nalo, na kijana hubaki kwao akijifanya anasoma gazeti. Lakini Mzee Ally alikuwa ametuma neno lisilo la kawaida: "Mwambieni kijana aje kwa miguu yake. Nina swali, na swali langu halijibiwi na mshenga."

Mshenga alikuwa shangazi yangu, Bi Mwaija, na neno lile lilikuwa bado linamkera tulipotoka nyumbani baada ya sala.

"Swali gani hilo?" alisema, akitangulia mbele na baibui lake likipepea. "Nimewaposea vijana wa ukoo huu wote, na hakuna mzee aliyeniruka namna hii. Sasa sikiliza. Ukifika, macho chini. Usijibu usiloulizwa. Na hayo maneno yenu ya chuo yavue mlangoni pamoja na viatu."

"Akiniuliza ninasoma nini, shangazi?"

"Samaki."

"Samaki ni sehemu moja tu. Tunasoma na udongo, na sheria, na—"

"Khalidi." Alisimama, akanigeukia. "Samaki. Mtu akisikia samaki anaelewa. Tena Mwanza hii!"

Tulipokata kona, ghuba ilionekana kati ya mapaa, ila maji yake hayakuonekana. Magugu maji yalikuwa yameifunika, kijani kitupu hadi karibu na lile Jiwe la Bismarck, na kivuko cha Kamanga kilikuwa kikijipenyeza humo kama ng'ombe aliyeingia katika mpunga. Mgeni angedhani ni bustani. Sisi tuliozaliwa pale tulitazama pembeni, jinsi mtu anavyotazama pembeni akikutana na rafiki aliyeugua hata hatambuliki.

Nasma, binti wa Mzee Ally, nilimjua tangu madrasa ya Maalim Zuberi. Wasichana walikaa upande wao, wavulana upande wetu, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikitangulia safu yote katika kusoma. Maalim akifumba macho kusikiliza, tulijua ni zamu yake. Kisha tukakua. Yeye akapelekwa shule ya wasichana, mimi nikapelekwa kwingine, na kwa miaka mingi sikuwa na habari zake ila zile anazozipata mtu kwa kuuliza kwa mbali, akijifanya anauliza habari za mtaa.

Tulikutana tena Dar es Salaam, chuoni. Palikuwa na darasa moja lililofunguliwa kwa wanafunzi wa kila fani. Aliyesomea samaki aliketi na aliyesomea sheria, wa uchumi aliketi na wa udongo, na sote tukawekwa mbele ya swali moja: dunia hii, kwa namna tunavyoila, itadumuje? Siku ya kwanza niliingia nimechelewa, nikaketi nyuma. Mbele yangu msichana mmoja aliyejitanda mtandio mweupe akamwuliza mwalimu jambo. Sikuwa nimemwona uso. Nilifumba macho kama Maalim Zuberi, nikajua.

Lakini siku niliyompenda ilikuwa nyingine. Mwalimu alitusomea maneno ambayo dunia nzima ilikuwa ikiyarudia miaka ile, kwamba tukidhi haja zetu bila ya kuwanyima watakaokuja nafasi ya kukidhi zao. Mwenzetu mmoja wa uchumi, Bernadeta, mwenyeji wa Ukerewe, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mtu ambaye hajazaliwa hayupo. Asiyekuwepo anakuwaje na haki?"

Mwalimu alianza sentensi akaiacha. Ndipo Nasma aliposimama.

"Katika mji wetu," alisema, "palikuwa na fundi aliyefariki akiacha wana wawili wakubwa, na mke mdogo mwenye mimba. Wana wakataka kugawana mali. Mwalimu wa dini akawakataza. Akasema, aliye tumboni naye ni mrithi. Hatumwoni, hatumjui jina, hatujui kama atazaliwa hai, lakini fungu lake linawekwa kando, tena linawekwa lile kubwa, la mtoto wa kiume, ili kama kuna kukosea, tukosee kwa kumzidishia. Likawekwa. Dada Bernadeta, elimu hii ina zaidi ya miaka elfu kwetu. Mimi nimekuja hapa kuuliza nani ameweka kando fungu la ziwa."

Aliketi. Bernadeta alipiga makofi peke yake, kisha darasa zima likafuata. Mimi sikuweza kupiga makofi, kwa kuwa katika darasa lile ni mimi tu niliyejua jina la mtoto yule aliyekuwa tumboni. Alikuwa ni baba yake Nasma.

Likizo ikifika tulipanda treni moja ya kurudi Mwanza, yeye na wasichana wenzake, mimi dirisha la pili. Safari ile ndefu ndiyo iliyotufungua vinywa. Tulizungumza habari za furu, vile visamaki vya rangi rangi vilivyokuwa vikijaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, tulipokuwa wadogo, ambavyo mama zetu walikuwa wakivikaanga vikavu tukavila pamoja na vichwa. Tangu sangara alipotawala ziwa, furu walikuwa wametoweka. Mimi nilimweleza Nasma kwa nini kwa lugha ya samaki, naye akaniuliza kwa lugha ya sheria: nani aliulizwa kabla sangara hajatiwa majini?

"Nimewatungia shairi," nilimwambia karibu na Tabora.

"Furu?"

"Furu."

"Soma basi, nikuhesabie mizani."

Nikasoma:

*Wako wapi furu wetu, waliocheza mwaloni,*
*Waliovuliwa kwetu, wakaangwa majikoni?*

Alihesabu kwa vidole, midomo yake ikicheza bila sauti. "Mizani imetimia," alisema. "Lakini ubeti gani huu wa mistari miwili? Maalim angekuchapa."

"Miwili iliyobaki nitaimaliza siku tukila furu tena."

Alinitazama. Ulikuwa mtazamo mfupi, kisha akaligeukia dirisha. Lakini nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba nimesema *tukila*, naye pia alikuwa amesikia.

Basi ndivyo tulivyofika, mimi na shangazi, kwenye baraza ya Mzee Ally.

Alikuwa ameketi katikati ya kazi yake. Kulia kwake palikuwa na fuawe ya chuma iliyokaa juu ya gogo, nyeusi kwa uzee, uso wake uking'aa kwa kugongwa. Kushoto koroboi zilikuwa zimepangwa rafuni safu kwa safu, vijitaa vya bati vya mafuta ya taa, safi na zisizo na mnunuzi. Tangu biashara ilipofunguliwa, maduka yalikuwa yamejaa taa za vioo kutoka ng'ambo, na mtaa uliopewa jina kwa taa za bati ulikuwa ukizisahau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pita uketi. Shikamoo, dada Mwaija."

"Marahaba, mdogo wangu. Umenitembeza juani kwa swali ambalo ungeniuliza mimi."

"Wewe ungenijibu vizuri mno, dada. Ndiyo sababu sikukuuliza."

Kati ya baraza na ndani palikuwa na pazia la maua ya samawati yaliyofifia kwa kufuliwa. Chini yake niliona upindo wa kanga, kisha haukuonekana tena. Pazia likafunguka kiasi cha mkono, sinia la kahawa likatokea, shangazi akalipokea. Mkono ule haukuwa na hina. Kwenye kidole cha kati palikuwa na doa la wino. Nilikumbuka macho chini, nikayashusha, lakini nilikuwa nimechelewa.

Mzee Ally alikunywa fundo moja. "Kijana, marehemu baba yako nilimjua. Alikuwa fundi saa. Ukimwuliza wewe ni nani, alijibu: fundi saa. Mimi ni fundi bati. Dada yangu huyu ni mkunga, nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Sasa wewe ni nani?"

"Ninasoma samaki, mzee."

Shangazi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vyema. Na binti yangu anasoma sheria. Lakini ananiambia mko darasa moja. Samaki wameanza kushtakiana?"

Shangazi alicheka hadi kahawa ikamwagika. Mimi sikucheka. "Darasa letu linachanganya, mzee. Tunasoma samaki, na udongo, na uchumi, na sheria, kwa pamoja."

"Linachanganya." Alilirudia neno lile kama mtu anayejaribu chuma kwa jino. "Kidogo cha huyu, kidogo cha yule. Mimi nikichanganya risasi na mavumbi, koroboi huvuja, na taa inayovuja huunguza nyumba. Elimu yenu hiyo inaitwaje?"

Hapo nikakosea njia. Maneno niliyotakiwa kuyavua mlangoni yakanitoka yote: maendeleo endelevu, haja za kizazi cha leo, nafasi ya vizazi vijavyo, uwiano wa hiki na kile. Niliyasema kwa mpangilio uleule wa darasani.

Mzee Ally aliniuliza kwa upole, "Hayo umeyahifadhi, au umeyaelewa?"

Lilikuwa swali la madrasa. Ndivyo Maalim Zuberi alivyokuwa akituuliza.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa pale, kando ya goti lake, juu ya gogo. Ningesema, mzee, ni ile fuawe yako uliyowekewa kando, na yote yangekwisha. Lakini nilikuwa nimekuja kuomba binti yake. Haikuwa adabu kumfungulia uyatima wake mbele ya shangazi yangu kwa faida ya haja yangu. Habari ile ilikuwa ya nyumba ile. Nikanyamaza, na ukimya wangu ukaonekana kuwa ni ujinga.

"Basi nisikilize mimi," alisema. "Kiwanda cha samaki kule ufukweni kinatafuta kijana aliyesoma. Msimamizi ni mtu wangu, nimekwisha kuzungumza naye. Chukua kazi hiyo. Nasma hatarudi Dar es Salaam, alichosoma kinatosha. Ijumaa ijayo ninaozesha. Ukikataa, nenda na darasa lako lote, uniachie binti yangu, na tusiulizane tena."

"Ally!" shangazi alisema. "Hilo ndilo swali?"

"Ndilo, dada."

"Mtoto amebakiza mwaka mmoja!"

"Na mimi nimebakiza nini?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka ghafla. "Tangu mama yake afariki nyumba hii ina sauti moja tu. Mwenye sauti akienda huko, kila nikimaliza kusali ninaitikiwa na makopo. Mwaka huu mmoja, kisha mwaka mwingine, kisha ataitwa nchi za watu akaeleze habari za ziwa letu. Akiolewa hapa, atakuwa mtaa wa pili. Nitamsikia akigombeza watoto wake."

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele bila sababu.

Nitasema kweli: niliitaka Ijumaa ile. Niliiona mbele yangu na mavazi yake na udi wake. Nilikuwa nimemsubiri Nasma tangu sijaota ndevu, na sasa alikuwa akitolewa kwa neno moja tu la *ndiyo*. Nilitazama pazia. Halikutikisika.

"Mzee wangu," nilisema, "kazi ya kiwandani ningeifanya, hata kesho. Na hiyo Ijumaa ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini Nasma akatishwe masomo ili mimi nioe, siwezi. Darasani kwetu mimi ndiye ninayemfuata yeye. Nitaishi naye vipi, nikijua nilimkuta akisoma nikamfunga kitabu?"

"Kwa hiyo unakataa."

"Ninaomba unisamehe, mzee."

Nilisimama. Shangazi hakusimama, alikuwa akinitazama kama mtu anayeona chungu kikianguka. Nilishuka ngazi ya baraza, nikaanza kuvaa viatu, na vidole vyangu havikuona tundu la kamba.

"Baba."

Shangazi alijiziba mdomo. Katika nyumba zetu binti hasemi siku ya posa yake akiwapo mposaji. Akitaka jambo humtuma mtu.

"Nasma," alisema Mzee Ally bila kugeuka, "kuna wageni."

"Ninajua, baba. Ndiyo maana ninaomba ruhusa."

Alizungusha kikombe mkononi. "Sema."

"Hiyo fuawe iliyo kulia kwako uliipata wapi?"

"Ya marehemu baba yangu. Swali gani hilo?"

"Alikupa mwenyewe?"

"Angenipaje? Alifariki mimi ningali tumboni."

"Basi ilikufikiaje?"

Mzee Ally aliweka kikombe chini. Alipoanza kusema, hakuwa akisema nasi.

"Kaka zangu walitaka kuiuza. Walikwisha kuifungia kamba waitoe. Maalim Zuberi, wakati huo angali kijana, akaja akaketi juu yake. Akawaambia, hii ni ya mwenzenu. Wakamwuliza, mwenzetu yupi? Akasema, yule pale, akimwelekezea mama yangu kidole. Walimcheka. Akachukua fuawe, na mkasi mkubwa wa bati, na kipembe hiki cha kiwanja, akaviweka mbali nao. Fuawe ilikaa stoo ya msikiti, imefunikwa kwa gunia, mpaka mikono yangu ilipoweza kushika nyundo. Siku aliponikabidhi, lile gunia alinipa pia. Alisema nalo ni langu."

"Maalim alikuwa anakujua, baba?"

"Angenijuaje? Hata jina sikuwa nalo."

"Naye aliyagawa mafungu kwa kujua aya peke yake?"

"Aya bila hesabu? Asingeweza. Mirathi inataka aya, na hesabu, na kujua nasaba za watu, na kupima kiwanja, na kujua bei ya chuma sokoni."

"Alikuwa anachanganya," alisema Nasma.

Mzee Ally aliitazama fuawe.

"Baba, mama alikuwa akikaanga furu uani, unakumbuka? Mimi nilikuwa nikila vichwa, wewe ukinicheka. Wale furu hawakuwa wetu peke yetu, ndani yao walikuwamo na wa mjukuu wako. Hakuna aliyeketi juu ya fungu lake kama Maalim alivyoketi juu ya lako. Sasa atakayelihesabu lazima ajue samaki, na ajue udongo, na ajue sheria na bei. Ndilo tunalolisoma, mimi na huyo unayemfukuza. Sina elimu nyingine ya kukueleza zaidi ya hiyo iliyokulea."

Mzee alinyoosha mkono, akauweka juu ya fuawe, na kiganja chake kikakaa pale kama kinavyokaa juu ya kichwa cha mtoto. Mimi nilikuwa bado chini ya ngazi na kiatu kimoja.

"Kijana," aliniita. "Habari hii ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa ninaijua, mzee."

"Nilipokuuliza?"

"Ndiyo."

"Ingekusaidia. Mbona hukuisema?"

"Haikuwa yangu, mzee."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza alasiri ile. Kabla ya hapo alikuwa akitazama elimu yangu.

"Vua hicho kiatu," alisema. "Rudi uketi. Kahawa imepoa."

Nilirudi. Shangazi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akisingizia moshi, na moto haukuwashwa.

"Mwaka mmoja," alisema Mzee Ally. "Nendeni mkamalize. Neno lenu ninaliweka kando kama nilivyowekewa mimi, na mposaji mwingine sitampokea. Makopo nitazungumza nayo."

"Hutazungumza na kopo hata moja," alidakia shangazi. "Nitakuja hapa kila Ijumaa kukugombeza. Utautamani ukimya."

"Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa, dada." Akageuza shingo kuelekea pazia. "Nasma, mahari ni haki yako. Itaje, mshenga asikie, isije ikaletwa nyingine."

"Ya mbele, baba, msahafu."

"Na ya nyuma?"

"Sahani moja ya furu. Wa kukaangwa. Wa ziwa hili hili."

"Furu!" Shangazi aliruka. "Mwanangu, wavuvi wa Kirumba wenyewe hawajawatia machoni. Furu atawatoa wapi?"

"Ndiyo maana nimesema ya nyuma, shangazi. Ibaki deni shingoni mwake. Na sahani iwe ya bati, kwa kipimo cha baba, pasije pakawa na ubishi."

Mzee Ally alicheka. Kilikuwa kicheko chenye kutu, kama mlango uliofungwa muda mrefu, kikazidi hadi koroboi zikagongana rafuni. "Umesikia, kijana? Umekuja kuomba mke, umepewa hakimu. Unakubali?"

"Ninakubali, mzee."

Tulipoaga, upepo wa ziwa uliingia kutoka upande wa uani ukalipindua pazia. Alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mmoja umeziba kicheko, macho yakiwa bado na machozi. Tulitazamana kwa kadiri ya mtu kuvuta pumzi. Kisha pazia likarudi mahali pake, taratibu, nami nikateremka ngazi na kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na shangazi akaniacha nitembee hivyo hadi kona.

Tulioana mwaka uliofuata. Baba mkwe aliigonga sahani ya bati kwa mkono wake, akaileta harusini imefungwa katika gunia kuukuu, na kila mgeni alishangaa zawadi ile ila sisi. Ilitundikwa ukutani. Tulikwenda nayo kila kazi yetu ilipotupeleka kando ya ziwa, Nasma akiandika hukumu na kanuni, mimi nikihesabu samaki, na kila tulipogombana aliitazama sahani ile, nami nikajua ninadaiwa. Mzee Ally alitutoka, Mungu amrehemu, sahani ikiwa bado tupu.

Kisha asubuhi moja, mvi zimekwisha kunijaa, nilipita soko la Mwaloni kwa shughuli nyingine. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi pembeni na beseni dogo, na ndani yake kitu kikamemeta rangi nyekundu, na manjano, na samawati.

"Mama, samaki gani hawa?"

Alinishangaa. "Furu, baba. Siku hizi wanaonekana onekana. Wewe ni mgeni?"

Nikawanunua wote.

Niliwakaanga mwenyewe, wakavu, mlango wa jiko nimeufunga. Binti yetu Zuhura alikuwa kwetu wakati ule, amekuja kusubiri kujifungua, naye alikuwa amelala chumba cha pili. Niliitoa sahani ukutani, nikaipangusa, nikaiweka mbele ya Nasma. Aliitazama kwa muda mrefu. Miwani yake ikaingia ukungu, akaivua.

"Na mistari yangu miwili?" aliuliza.

"Bado ninaitafuta."

"Basi ngoja nile kwanza."

Akasema bismillahi, akala, na vichwa pia, polepole, kama mtu anayesoma. Alipobakiza mmoja alimsogeza kwa kidole hadi ukingoni mwa sahani, akanawa mikono.

"Huyo wa nani?" nilimwuliza.

Alitazama mlango wa chumba alimolala Zuhura. Nami nikainuka, nikachukua kitambaa safi, nikamfunika yule furu.